Moshi wa Chupa Zetu: Taka, Bei na Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na kuijaalia kuwa makazi yetu ya muda. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao hadi siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wanafunzi wenzangu, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Nawausia, nikianza na nafsi yangu mwenyewe, tumche Allah (s.w.) katika yale makubwa tunayoyahubiri, na katika yale madogo tunayoyatupa bila hata kuyatazama. Leo naomba tuzungumze juu ya taka. Najua wapo watakaotaka kufungua ukurasa mwingine, wakasema hili ni la baraza la jiji, halina nafasi katika mawaidha. Nawaomba wasubiri kidogo, kwa sababu nimejifunza jambo hili kwa aibu, na aibu yenyewe nimeipata mlangoni mwa msikiti.

Futari ya Pajulu

Ramadhani iliyopita jumuiya yetu iliandaa futari katika msikiti mmoja wa Pajulu, si mbali na nyumbani kwetu. Watu walikuja wengi, alhamdulillah. Tulifuturu kwa tende, uji na mandazi, na kila mtu akapewa chupa yake ya maji. Tukaswali Magharibi, tukala, tukasikiliza mawaidha mazuri juu ya usafi wa moyo. Huku tukisikiliza, uwanja ulikuwa umejaa chupa tupu, nyingine zikiwa na maji nusu, nyingine zimekanyagwa.

Tuna jirani yetu mmoja, bibi mzee, ambaye pale mtaani sote tunamwita Haboba, yaani nyanya kwa Kinubi. Kazi yake ni kuokota chupa za plastiki na kumuuzia kwa kilo mnunuzi anayepita na gari. Kwa kazi hiyo hununua chumvi na sabuni, na huwalipia wajukuu wake wawili madaftari. Jioni ile alikuja na magunia yake begani watu wakiwa bado wanakula. Kijana mmoja wa kamati akamwambia asubiri nje ya ua, maana wageni walikuwepo. Kijana huyo ni mimi.

Haboba alisubiri. Tulipoondoka akaingia, akaokota mpaka usiku, akajaza magunia sita. Lakini siku zile mnunuzi alikuwa amekata bei karibu nusu, na wiki iliyofuata hakuja kabisa. Magunia yakakaa nyuma ya nyumba. Mvua zikaanza, maji yakatuama ndani ya chupa, mbu wakazaliana, majirani wakaanza kunung'unika. Baada ya Idi, usiku mmoja Haboba akayatia moto. Moshi mweusi ukaja mpaka msikitini tukiwa katika Isha, watu wakakohoa ndani ya swala. Baada ya salamu wengine wakasema, "Huyu mama anatuudhi, mwenyekiti wa kijiji amwite." Nami nilinyamaza, na hali najua chupa zile zilikuwa za nani.

Ndugu zangu, moshi ule ulikuwa wetu. Tuliunywea maji, tukautupa, tukamwachia mtu mwingine aubebe. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ni nani anayebeba mzigo wa kile tunachokitupa, na bei yake inapoanguka, inamwangukia nani?

Sheria imetuambia nini

Tusije tukasema hatukuambiwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inakataza mifuko ya plastiki iliyo nyembamba kuliko mikroni 30, ile tunayoiita kavera. Kisha zikaja Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2020, ambazo zinamtaka anayezalisha taka azitenganishe pale pale zinapozaliwa: za kuoza mbali, za plastiki na chuma mbali, za hatari mbali.

Mwaka huo huo, tarehe 1 Julai 2020, Arua ikawa jiji. Pajulu yetu, iliyokuwa kaunti ndogo ya mashamba ya muhogo, karanga na ufuta chini ya Ayivu, ikaingizwa ndani ya jiji. Watu wengi walifurahia jina. Wachache walifikiri kwamba jina la jiji linakuja na takataka za jiji. Zamani maganda ya muhogo na majani ya migomba yalirudi shambani yenyewe, na mbuzi walimaliza yaliyobaki. Leo mbuzi huyo huyo anakula kavera na kufa nayo tumboni, na mitaro inayoteremka kuelekea mto Enyau inabeba chupa. Tukumbuke kwamba mto huo ndio unaochotwa maji ya bomba ya mji wetu.

Jirani zetu nao wameamrishwa mfano wa haya. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ilifanya hivyo tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Mwaka 2022 Kenya ikaongeza sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayotaka taka zitenganishwe, na inayomtia jukumuni yule aliyeitengeneza au kuiingiza bidhaa, asiseme kazi yake imekwisha pale alipoiuza.

Na anayedhani taka ni jambo dogo, akumbuke Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka za Kampala uliporomoka na kuzifukia nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Baadhi yao walikuwa watu waliokuwa wakiishi kwa kuokota chupa na vyuma juu ya mlima huo huo. Allah awarehemu. Jalala lile lilianza kutumika mwaka 1996, na kila mmoja aliyewahi kuishi Kampala, kusoma Kampala, au kulala Kampala usiku mmoja akiwa safarini, ameweka kitu chake pale.

Bei inatoka wapi

Sheria inamwambia mwananchi atenganishe. Haimwambii nani atanunua, wala kwa bei gani. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, na naona ni vizuri tuelewe sababu, ili tusimlaumu mtu asiyestahili lawama.

Chupa tupu ni nyepesi lakini inachukua nafasi kubwa. Lori lililojaa chupa zisizobanwa limejaa hewa. Kutoka Arua mpaka Kampala, kwenye viwanda vinavyonunua, ni karibu kilomita 500. Basi faida yote ya mwokotaji inategemea mafuta ya lori na barabara. Mnakumbuka Septemba 2024, daraja la Karuma lilipofungwa ili litengenezwe. Magari ya West Nile yakazungushwa njia ndefu kwa miezi kadhaa, na kila kilichosafirishwa kikapanda gharama. Mwenye sukari anaweza kumwongezea mlaji bei. Mwenye chupa chafu hana wa kumwongezea. Anapunguza tu kile anachompa mwokotaji.

Juu ya hilo ipo dunia. Plastiki mpya hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli na gesi. Mafuta yakishuka sana, plastiki mpya inakuwa rahisi, na mwenye kiwanda anaona haina haja kununua ya zamani iliyojaa udongo. Aprili 2020, wakati wa korona, mafuta ghafi ya Marekani katika soko la mikataba yalishuka mpaka chini ya sifuri. Kabla ya hapo, China, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa ya taka za plastiki za dunia, ilifunga mlango kuanzia Januari 2018, na miji ya Ulaya na Marekani iliyozoea kujisifu kwa kutenganisha taka ikajikuta na marobota yasiyo na mnunuzi. Kumbe hata wao utenganishaji wao ulikuwa umesimama juu ya mnunuzi mmoja wa mbali.

Chuma nacho kina yake. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu watu walikuwa wakiharibu nguzo na nyaya za umeme ili wakauze. Miezi michache baadaye ikaifungua tena kwa masharti. Fikirini kijana wa mkokoteni aliyekuwa akiokota sufuria zilizotoboka kwa halali yake. Mwizi aliiba waya, na yeye akalala njaa.

Hata mboji ina soko lake. Miaka ya nyuma mamlaka ya mazingira, NEMA, pamoja na Benki ya Dunia, zilijenga sehemu za kugeuza taka za masoko kuwa mboji katika miji kama Mbale, Soroti, Lira na Jinja, na mpango ulitegemea kwa sehemu mauzo ya hati za kaboni nje ya nchi. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 bei ya hati hizo ilikuwa imeporomoka kabisa.

Nimeyataja haya yote kwa neno moja: Haboba hakuchoma magunia sita kwa ujinga. Alikuwa mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu, na kila aliye juu yake alipopungukiwa, alimshushia yeye.

Kazi isiyongoja soko

Sasa dini yetu inasema nini? Jambo la kwanza ni nia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia zake, na hadithi hii sote tunaijua kabla hatujajua kusoma vizuri. Tuipime katika taka. Kama tunatenganisha chupa kwa sababu zina bei, basi siku bei ikianguka tutarudi kuzitupa mtaroni, na hiyo itakuwa dalili kwamba hatukuwa tukifanya ibada. Tulikuwa tukifanya biashara. Biashara si haramu, lakini tusiiite kwa jina lisilo lake.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.) na iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba imani ina matawi mengi, na la chini kabisa miongoni mwake ni kuondoa kitu chenye kuudhi njiani. Hakuweka sharti kwamba kitu hicho kiwe kinauzika. Mwiba hauna mnunuzi, na bado kuuondoa ni imani. Na katika mapokezi ya Imam Ahmad kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), tumefundishwa kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Ndugu zangu, siku hiyo nani atanunua matunda ya mti ule? Hakuna. Soko limefungwa, mlaji hayupo. Lakini kazi njema haikufutwa, kwa sababu malipo yake hayakuwa kwa mlaji tangu mwanzo.

Kwa hiyo Muislamu anatenganisha taka bei ikiwa juu, na anatenganisha bei ikiwa chini. Bei ikiwa nzuri, anamshukuru Allah kwamba masikini amepata riziki. Bei ikiwa mbaya, anajua kwamba yeye bado ni khalifa katika ardhi, na ukhalifa hauna msimu.

Mizani na ardhi katika aya moja

Jambo la pili ni mizani. Someni kisa cha Nabii Shuaibu (a.s.) na watu wa Madyan katika Suratul Aaraf, aya ya 85. Baada ya kuwaita kwenye tauhidi, aliwaamrisha vipimo vya haki, akawakataza kuwapunja watu vitu vyao, kisha katika aya hiyo hiyo akawakataza kuiharibu ardhi iliyokwisha kutengenezwa. Mara nyingi nimeisoma aya hii nikidhani ni mambo mawili yaliyopangwa karibu tu. Baada ya magunia ya Haboba nimeona uhusiano mwingine. Ukimpunja yule anayeisafisha ardhi, ataacha kuisafisha, na ardhi itaharibika. Mizani ya uongo inaanza kwa kuiba kilo moja, na mwisho wake ni mtaro ulioziba.

Wanaonunua chupa na vyuma katika mitaa yetu wengi ni Waislamu, na wengine ni baba zetu na kaka zetu. Nawaambia kwa heshima: mizani iliyokazwa ili ipungue ni moto tumboni. Suratul Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa wale wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapimia wengine pungufu. Bei ya soko ikishuka, hilo si kosa la mnunuzi, mradi aseme wazi kabla mtu hajahangaika wiki nzima. Kumwacha bibi aokote kwa tumaini la bei ya jana, halafu kumpa ya leo akiwa hana pa kwenda, au kutomjulisha kabisa kwamba hutakuja, huko ni kumdhuru mtu kwa kunyamaza. Na kanuni ya Mtume (s.a.w.) inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa fiqhi ni kwamba hakuna kudhuru wala kulipana madhara.

Lakini tusiwe waadilifu upande mmoja. Wapo pia waokotaji wanaoacha maji ndani ya chupa ili gunia liwe zito, au wanaotia mchanga na mawe katikati. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwa mtu aliyekuwa na rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema imenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamtaka auweke unyevu ule juu ili watu wauone, akaonya kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Gunia la chupa lenye maji katikati ni rundo lile lile. Na anayenunua nyaya na vibao vya barabarani bila kuuliza vimetoka wapi, asijidanganye kwamba amenunua chuma. Amenunua wizi.

Ipo kanuni nyingine ya fiqhi ambayo napenda tuifikirie, kwamba mapato huambatana na dhamana. Anayekula faida ya kitu ndiye anayestahili kubeba hasara yake. Tazameni chupa ya maji: aliyeijaza maji amepata faida, aliyeisafirisha amepata, mwenye duka amepata, nasi tumekata kiu. Hasara ya chupa tupu imemwendea Haboba peke yake. Kwa mtazamo huu, sheria zinazowadai watengenezaji na waagizaji wachangie gharama ya kukusanya plastiki si uzungu wala usumbufu kwa wafanyabiashara. Zinakaribia kile ambacho wanazuoni wetu wamekuwa wakikifundisha miaka mingi. Viongozi wetu wa jiji wakiyasukuma mambo haya, tuwaunge mkono. Na wakimpiga faini bibi aliyechoma gunia huku hakuna gari la kulichukua, tuwakumbushe kwa adabu kwamba amri hufuata uwezo.

Yule aliyefagia msikiti

Jambo la tatu ndilo lililonichoma zaidi. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha mtu mweusi, mapokezi mengine yanasema mwanamke, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Akafa usiku. Maswahaba wakamzika bila kumjulisha Mtume (s.a.w.), kana kwamba waliona jambo lake ni dogo, hakuna haja ya kumsumbua. Mtume (s.a.w.) alipomkosa akamuulizia. Walipomwambia amekufa, akawauliza kwa nini hawakumpa habari. Kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda, akamswalia pale.

Tafakarini, ndugu zangu. Kiongozi wa umma, mwenye wajumbe wa makabila wanaomsubiri, anaona pengo la mfagiaji mmoja. Hakuhubiri tu juu ya usafi. Alimjua anayeufanya, na alipokosekana akajua amekosekana.

Mimi nilikuwa na mfagiaji wa msikiti wetu mbele ya macho yangu, nikamwambia asubiri nje ya ua. Alikuja kuondoa udhia tuliouacha sisi, nami nikamwona yeye ndiye udhia.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwake. Nikamkuta anakoboa mahindi. Nikatoa salamu, nikasema, "Haboba, nimekuja kuomba msamaha kwa siku ile ya futari, na kwa maneno yaliyosemwa msikitini nikanyamaza." Akanitazama kitambo. Akasema, "Mjukuu wangu, nimekusamehe zamani. Lakini msamaha hausaidii mgongo. Mkinywa, mwageni maji yaliyobaki. Fungueni vifuniko, wekeni mbali, kwa sababu kifuniko na chupa si plastiki moja, na mnunuzi ananikata kwa hilo. Kanyageni chupa iwe bapa, gunia liingie nyingi. Hayo tu."

Hayo tu. Jumuiya yenye wanafunzi wa shahada, wenye kuhifadhi na kujadili usulu, ilikuwa haijui mambo matatu ambayo mzee asiyejua kuandika jina lake anayajua kwa vidole vyake. Na hakuniomba hata shilingi.

Tufanye nini

Ndugu zangu, mawaidha yasiyo na kazi ni upepo. Napendekeza kwa jumuiya yetu, nami nimeanza nyumbani:

Kwanza, tupunguze kabla ya kutenganisha. Suratul Aaraf, aya ya 31, imetukataza israfu hata katika kula na kunywa vilivyo halali. Futari ijayo tuweke majerikeni ya maji yaliyochemshwa na vikombe vya kuosha. Wazee wetu walifuturisha vijiji vizima kwa birika na kata, na thawabu haikupungua. Chupa isiyonunuliwa haihitaji mnunuzi Kampala, wala haiogopi bei ya petroli.

Pili, chupa zitakazobaki tuzimwage maji, tuzitoe vifuniko, tuzikanyage. Magunia matatu yawekwe kwenye kila shughuli yetu: la plastiki, la makopo na chuma, na la mabaki ya chakula. La chakula liende shambani au kwa mwenye mifugo. Mboji ya muhogo na maganda ya ndizi haina haja ya daraja la Karuma, inatembea hatua ishirini tu.

Tatu, tuwaalike waokotaji ndani. Wale nasi kabla ya kazi, waingie wakiwa wageni. Akipenda kufanya usafi baada ya shughuli, tukubaliane naye ujira na tumpe siku hiyo hiyo, bila kungoja mnunuzi, kwa sababu tumefundishwa mfanyakazi apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka. Ujira huo ni wa kusafisha. Chupa atakazouza ni riziki ya ziada. Hivyo bei ikianguka hataanguka nayo.

Nne, wenye elimu ya biashara na hesabu miongoni mwetu wawasaidie waokotaji kukusanya mzigo kwa pamoja. Gunia moja halina sauti mbele ya mnunuzi. Magunia mia moja yaliyobanwa vizuri yana sauti. Na mtu mmoja mwenye simu anaweza kuuliza bei kabla bibi hajatembea mpaka sokoni na mzigo kichwani.

Tano, tusichome plastiki. Moshi wake una sumu, unaingia vifuani mwa watoto wa jirani ambao hawakunywa maji yale. Kama hakuna gari na hakuna mnunuzi, tuzihifadhi zikiwa kavu, zimefunikwa, mpaka njia ipatikane.

Atakayesema, "Mimi ni mmoja, nitabadilisha nini?" namkumbusha kwamba kaburini pia atakuwa mmoja. Na atakayesema, "Hii ni kazi ya baraza la jiji," namjibu: ndiyo, baraza litaulizwa kwa amana yake. Lakini chupa ilitoka mkononi mwangu kabla haijafika mkononi mwa baraza, na mkono ni miongoni mwa viungo vitakavyotoa ushahidi.

Jambo la mwisho. Nilimuuliza Haboba kama ataendelea kuokota, maana bei bado haijarudi kama zamani. Akasema ataendelea, kwa sababu njia ile wajukuu wake huipita kwenda madrasa, na hataki wakanyage uchafu. Nikakumbuka darasa letu la nia, na nikaona kwamba aliyekuwa akihitaji darasa siye yeye.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyatupa na tuliowadharau. Tupe riziki ya halali na mizani ya haki. Wabariki wanaosafisha mitaa yetu na misikiti yetu, uwalipe kwa kile ambacho sisi hatukuwalipa. Warehemu waliofukiwa Kiteezi. Uijaalie Arua, Koboko na West Nile yote kuwa nchi safi yenye amani, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata lililo bora lake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.